Mkwe Mwenye Cheti

Pankrasi aliiweka ile karatasi juu ya kiganja, akaipandisha na kuishusha taratibu kama mtu anayekadiria chumvi sokoni.

"Nyepesi," alisema.

"Muhuri huo wa tai ni wa serikali, baba," alijibu Leo, kijana aliyeketi mbele yake mkekani, kanzu yake nyeupe kama unga.

Hapo ni kijijini Mshangano, miaka miwili kabla ya vita vya Maji Maji. Leo alikuwa amekuja kumposa Benigna, binti wa pekee wa Pankrasi. Alijieleza kwamba alikaa pwani miaka mitatu kwa mwanachuoni mmoja wa Kijerumani, akajifunza elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja, na cheti ndicho hicho. Ng'ombe hakuwa nao. Mahari angelipa elimu itakapoanza kuzaa.

Mtu mwingine angefukuzwa papo hapo. Daudi, mfyatua matofali wa misheni, alikwisha kufukuzwa mara mbili, na yeye angalau alikuwa na ng'ombe wanne. Lakini Pankrasi alikuwa ametangaza kila penye pombe kwamba binti yake haolewi na mtu mwenye matope kwenye kucha. Ataolewa na msomi, na msomi huyo atatoa ng'ombe kumi. Sasa msomi amefika. Benigna, alipoulizwa, aliinamisha kichwa akasema atafuata atakalo baba yake. Jibu hilo lilimfurahisha Pankrasi, maana Daudi alipofukuzwa binti huyo alilia juma zima.

Ikabaki kujua elimu ile ina faida gani. Kesho yake Pankrasi alimchukua Leo hadi bomani, akamwuliza karani mishahara ya watu. Karani akamtajia. Askari analipwa, tarishi analipwa, mpishi wa bwana mkubwa analipwa, hata anayelisha punda analipwa. Pankrasi akauliza, je, ajuaye jinsi watu wanavyoishi hulipwa nini?

Karani alipekua daftari lake.

"Hapa sisi huwaambia watu waishi vipi," alisema mwishowe. "Hatujawahi kuwauliza."

Walirudi nyumbani. Njiani Pankrasi alijifariji kwamba pengine elimu hii faida yake iko nyumbani, si bomani. Akamwomba Leo akae siku chache, ajaribiwe kama wakwe wote wanavyojaribiwa.

Kwanza alimpeleka shambani kulinda mahindi. Nyani walikuja asubuhi. Pankrasi alisikia makelele yao kutoka nyumbani, ila sauti ya mtu akifukuza hakuisikia. Alipokwenda kutazama alimkuta Leo ameketi juu ya kichuguu, mashavu mikononi, ametulia. Leo alimweleza kwamba kumbe nyani nao wana wakubwa wao. Wazee hula kwanza, akina mama wenye watoto hufuata, na vijana husubiri pembeni bila kugombana.

"Na mahindi?" Pankrasi aliuliza.

"Wamemaliza, baba. Kwa utaratibu mzuri sana."

Pankrasi alimeza hasira. Alijiambia kwamba mahindi huota tena. Lakini siku iliyofuata Leo alimkuta Lidwina, mama yake Benigna, akimpelekea mumewe maji ya kunywa, amepiga magoti. Leo akamwuliza kwa nini anayechota ni yeye, anayebeba ni yeye, anayepiga magoti ni yeye, na anayekunywa amekaa tu. Aliuliza bila ubaya, kama mgeni anavyouliza jina la mti. Lidwina alijibu kwamba ndiyo desturi. Leo akauliza desturi hiyo ni ya nani.

Lidwina aliweka kata chini ili afikiri. Mpaka jioni alikuwa bado anafikiri. Kesho yake watu wa Mshangano walimwona Pankrasi kisimani, amepanga foleni na wasichana, mtungi begani.

Aliporudi, nguo imelowa upande mmoja, alimwita Leo na kumrudishia karatasi yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, elimu yako ni kubwa," alisema. "Nyumba yangu ni ndogo."

Leo aliipokea kwa adabu. Akaomba, kama hatakosea, aulize sababu ya kukataliwa.

"Tafadhali usiulize," alisema Pankrasi.

Mchana ule ule Pankrasi alikwenda mwenyewe misheni. Alimkuta Daudi ndani ya shimo la udongo, matope hadi magotini, na kwa mara ya kwanza matope yale yalimpendeza. Alimwuliza kama bado ana nia. Daudi alisema anayo, ila ng'ombe ni wale wale wanne. Pankrasi, akiogopa msomi asije akarudi na swali jingine, akasema watatu wanatosha, wa nne abaki naye aanzie maisha.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Pankrasi alicheza ngoma ya ligambusi hadi vumbi likamfika kiunoni, akiwaambia wageni wote kwamba mkwe ni mikono, karatasi haifyatui tofali.

Harusi ilipokwisha, Daudi alimswaga ng'ombe wake wa nne hadi kwenye kivuko cha mto Luhira. Leo alikuwa anamsubiri kivulini, kanzu ameikunja begani.

"Huyu hapa, kama tulivyopatana," alisema Daudi, akimkabidhi kamba. "Benigna anakushukuru sana. Ila anasema hilo la mama yake hakukutuma."

"Hilo nimewapa bure," alisema Leo.

Kisha akauliza njia ya Bombambili, kwani huko kulikuwa na mzee mwingine anayetaka mkwe msomi, na binti yake alikuwa ameshatanguliza mbuzi.