Mababa Saba wa Davron

"Mimi jina likishaingia kichwani halitoki," Bibi Nyirabeza alijigamba wakiwa garini, kisha akamgeukia dereva. "Vile wewe unaitwa nani?"

"Davron, Bibi. Tuko wote kazini mwaka wa pili huu."

"Nilikuwa nakupima."

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 2015. Walikuwa wametoka Louisville asubuhi, wanakwenda Columbus kuposa. Davron alikuwa Muuzbeki, na kwao anayetangulia na posa ni mama mtu mzima: anaingia nyumba ya binti, anakaa, anakunywa chai, anasema neno. Mama yake Davron alizikwa Peshawar. Katika ghala zima la Jeffersontown walikofanyia kazi, mwenye umri na mdomo wa kazi hiyo alikuwa mmoja tu, Bibi Nyirabeza wa meza ya kufunga maboksi, mkimbizi kutoka milima ya Minembwe, Kongo.

Bibi alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Shughuli za posa alizipenda kuliko chakula.

Tatizo lilikuwa Mzee Ergash, babu aliyemlea binti. Huyo hamwachii mtu mjukuu wake Dilnoza mpaka ataje mababa zake saba, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama. Kijana mmoja alikuja kutoka Buffalo, akafika wa tano akaanza kukohoa. Alirudishwa Buffalo kwenye theluji yake.

Na Davron alijua watatu tu. Baba yake Anvar, aliyezaliwa Afghanistan. Babu yake Tursun, aliyezaliwa njiani. Baba wa babu, Mahkam, aliyevuka mto kutoka Uzbekistan akiwakimbia Wasovieti. Waliotangulia walipotelea ng'ambo ile, na wa kuulizwa hakuna.

"Donc, basi tunakosa wanne," Bibi alikuwa amesema wiki iliyopita, wakati wa mapumziko. "Nitakuazima wa kwetu."

"Wa kwenu, Bibi? Si dhambi?"

"Dhambi gani? Walikuwa watulivu. Pombe hawakunywa, mahakamani hawakuitwa, uongo hawakusema hata siku moja. Ungependa wa namna gani tena?"

Akampa majina manne. Davron akayatia mkia wa "-bek" yafanane na ya kwao, wakayarudia wiki nzima juu ya maboksi: Gajubek, Bihogbek, Gondobek, Sinebek.

Mzee Ergash, aliyewapokea huko Columbus, alikuwa mtu wa Samarkand, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, kofia nyeusi ya nakshi kichwani. Dilnoza alimimina chai ya kijani kwenye vibakuli, kidogo, chini kabisa, ndiyo heshima yao: mgeni aombe tena, asiwe na haraka ya kuondoka. Alimwangalia Davron mara moja, shavu likamcheza, akarudi jikoni. Katikati ya meza ulikaa mkate wa duara, mzima. Wazee wakikubaliana, unavunjwa. Wasipokubaliana, wageni wanauacha kama walivyoukuta.

"Sisi tumetawanyika," alisema Mzee Ergash, kwa Kiingereza cha kuungaunga ambacho Bibi alikielewa vizuri, maana chake nacho kiliungwa hivyo hivyo. "Istanbul tuko, Moscow tuko, Jeddah, Brooklyn. Mtu akisahau mababa zake huko, huyo amekwisha. Lakini mimi, ukoo wowote wa Uzbekistan ukinitajia, naujua."

"Wowote?"

"Wowote, mama."

Davron alisimama, akaweka mkono kifuani. Anvar. Tursun. Mahkam. Akavuta pumzi. Gajubek. Bihogbek. Gondobek. Jasho lilimfika kwenye kola. Sinebek.

Hakukohoa.

Mzee alifumba macho. Bibi akaanza kuutazama mkate.

"Sinebek," mzee alisema. "Sinebek wa bonde la Fergana?"

Davron alimtupia Bibi jicho.

"Huyo huyo," Bibi alijibu.

"Namjua. Alikuwa mchunga farasi wa ukoo wetu. Mguu wa kushoto mbovu, na shayiri ya farasi alikuwa anaiba." Mzee alifumbua macho. "Nasikitika, kijana. Mjukuu wangu hatakwenda kwa watoto wa mtumishi wetu."

Huko jikoni kitu kilianguka kikavunjika. Davron angesema nini, kwamba babu huyo si wake? Aliinama kwa adabu, akatoka kwenda kuwasha gari.

Bibi hakuinuka. Alisogeza kibakuli chake mbele.

"Niongeze chai, mzee mwenzangu. Bon, huyo Sinebek. Una hakika ndiye?"

"Babu yangu aliambiwa na babu yake. Hakika kama ninavyokuona wewe."

"Alikuwa na ndevu?"

"Mpaka kifuani. Nyekundu."

"Na farasi alimpanda?"

"Mama, alizaliwa juu ya farasi."

Bibi alikunywa chai yote, akakitua kibakuli taratibu, akainama juu ya meza na kushusha sauti ili Dilnoza asisikie.

"Sine alikuwa ng'ombe wangu, mzee. Na hao watatu waliomtangulia nao nimewakamua kwa mikono yangu hii, kule Minembwe."

Mzee Ergash alitazama mlango wa jikoni, akamtazama Bibi, akanyoosha mikono yote miwili, akauvunja mkate.