Alikua

Sokoni Bwera, Ketura alimkalisha mwanawe kwenye kiti cha mtumba cha kumfungia mtoto garini. Cha zamani kilishaanza kumbana mabega. Hiki kilimwenea barabara.

"Ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Ya mutoto yangu," akajibu mama muuza mitumba kwa sauti ndogo. "Alikua."

"Mungu asifiwe! Hawa watoto wanakua mbio kama mahindi."

Ketura akauvuta mkanda kifuani pa mtoto, dole gumba likakwama kwenye mshono mnene wa uzi mweusi. Mkanda ulikuwa umekatwa kwa kisu, mshazari, na mtu mwenye haraka, kisha ukaungwa kwa mkono.

Akainua macho.

"Sikusema amekua, mama," yule mwanamke akanong'ona. "Nilisema alikuwa."