Mawe Yasiyoteleza

Mikono kumi na saba ilikuwa tayari juu Mama Angélique aliposimama.

“Papa Lambert, naomba kusema.”

Mume wake aliinua macho kutoka kwenye daftari. Yeye ndiye aliyekuwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wao, na ingawa kikao kilikuwa katika ua wao wenyewe, alimtazama mkewe kama raia mwingine yeyote.

“Sema, Mama. Lakini kwa kifupi. Watu wametoka misa, wana njaa.”

Aliyekuwa akipigiwa kura ni Nathanaël, mvuvi aliyekuja kutoka upande wa Fizi miaka mitatu iliyopita na mke na watoto wanne. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kofia mapajani. Kura ikipita, angebomoa kibanda chake cha kando ya ziwa kabla ya Ijumaa.

Kosa lake lilijulikana avenyu nzima. Tangu mwezi wa saba, maji ya kighuba ambako wanawake huchota na kufua yaligeuka kijani kama sombe ya majani ya muhogo, yakaanza kunuka. Mtoto wa jirani yao Éliane alilazwa kwa kuhara. Na nani mwingine alikuwa akipasua samaki kule ziwani na kutupa matumbo?

“Huyu muntu ana roho nzuri,” alisema Mama Angélique. “Nyie munasema anachafua. Mimi ninasema anatusafishia. Mwezi wa tano niliteleza kwenye yale mawe ya kighuba, mukono ukavunjika, munakumbuka. Leo nani anateleza? Kila asubuhi tunayakuta yamesuguliwa, meupe kama sahani. Na nani anakuwa ziwani mapema vile? Njo yeye, anarudi kuvua.”

Alikuwa amengoja siku nyingi kusema hivyo. Hakuwa mtu wa kusahau wema. Aliukumbuka wa Éliane, aliyemchotea maji wakati mkono uko kwenye plasta. Aliukumbuka wa Papa Lambert, aliyejifunza kusonga bukari akiwa na miaka sitini na sita, na ambaye kila alfajiri alimwashia makaa kabla ya kwenda matembezi aliyoamriwa na daktari kwa sababu ya tension ya damu. Naye, kwa shukrani, alimwandalia suruali kavu, maana umande ulimlowesha hadi magotini. Sasa ilikuwa zamu ya Nathanaël kushukuriwa.

Nathanaël alifungua mdomo, akatazama mezani kwa shefu, akaufunga.

“Mama, mawe yanasuguliwa?” Aliyeuliza ni Chérie, mwanafunzi wa chuo kikuu. Papa Lambert mwenyewe ndiye aliyemwita apime maji na kuthibitisha habari ya matumbo. “Yote?”

“Yote, binti yangu.”

Chérie aliweka chupa zake chini.

“Basi njo ile sababu. Nimepima maji nyuma ya mwamba, pale Papa Nathanaël anatupa matumbo. Ni mazuri, na mawe ya kule yanateleza. Ule utelezi ni mimea midogo sana, Mama. Inashika mawe, inakula uchafu wa sabuni na wa samaki kabla haujaenea. Samaki wadogo nao wanakuja kuitafuna kama mbuzi. Ukiisugua, ile chakula yote inabaki mu maji. Mimea mingine, ile ya kuelea, njo inaikula. Inajaa, inakufa, inaoza. Matumbo hayakuharibu kighuba. Mwenye kusugua mawe njo ameharibu.”

Kisha Salomon, fundi wa viatu, akacheka.

“Ah, Mama Angélique! Sisi tulikuwa tunamufukuza kwa kubahatisha. Wewe umetuletea ushahidi!”

Mikono ikarudi juu, na safari hii hata Éliane aliunyoosha wake.

Mama Angélique alikuwa amesimama kumwokoa mtu, kumbe amemfunga kwa mdomo wake mwenyewe. Akamsogelea mvuvi.

“Kataa, baba,” alimnong’oneza. “Waambie si wewe.”

Nathanaël aliikunja kofia yake, akaikunjua.

“Mama, mimi ni mugeni hapa,” alisema taratibu. “Waache waniandike tu.”

“Umesikia, shefu?” Salomon alipaza sauti. “Amekubali. Andika jina, tuende kula.”

Papa Lambert alishika kalamu. Watu walingoja. Kalamu haikugusa karatasi. Aliilaza juu ya daftari, akasimama kwa shida, na hakuwatazama watu wake wala mvuvi. Alimtazama mkewe.

“Njo mimi, toka ile siku ulianguka, Angélique,” alisema. “Kila asubuhi.”