Ngozi ya Maganda ya Nanasi

Utando ulikuwa na doa la kijani pembeni. Mwanabaraka akaimwaga trei nzima bila kusita, ingawa utando ule ungetosha kuufunika mgongo wa Ashrafu ulioungua.

"Ungekata tu hapo palipoharibika," Zeyana alimwambia. Zeyana ndiye mtafiti aliyeleta kijijini Kiwangwa bakteria wanaofuma utando wa kufunikia vidonda, akawafundisha wanawake wa kiwanda cha juisi kuwalisha maji ya maganda ya mananasi.

"Ukungu ukiingia kwenye vidonda vyake atakufa. Sitaki afe."

Akachemsha maganda mengine, akayachuja, maji yalipopoa akatia bakteria na kufunika trei kwa kitambaa safi. Hakuruhusu mtu aiguse meza. Polepole bakteria wakafuma nyuzi zao, nyembamba zisizoonekana kwa jicho, mpaka juu ya maji pakatanda kitu cheupe, laini, kinachoteleza kama nyama ya dafu. Akakichemsha kwa maji ya magadi, akakisuuza hadi harufu ya siki ikaisha. Kisha akapanda basi kwenda Bagamoyo, kopo lenye utando amelipakata.

Hospitalini, nesi Shamsia aliutandika utando juu ya kifua kilichoungua. Kila shuka lilipofunuliwa, Mwanabaraka aligeukia ukutani.

"Mama mwingine angeshakata tamaa," Shamsia alisema. "Sisi wenyewe tulishamhesabu maiti huyu."

"Anameza?"

"Uji, kidogo."

"Na kuongea?"

"Bado. Midomo imeungua vibaya."

"Nitaleta utando mwembamba wa midomo."

Mzee Mwishehe, mgonjwa wa kitanda cha pili, akacheka mpaka akakohoa. "Ashrafu, ukitoka humu jiangalie, watu watakukamua juisi." Halafu akashusha sauti. "Mama, na mkewe mbona haji?"

"Alikufa. Kwenye moto huohuo."

"Innalillahi." Mzee akajifunika shuka, hakutania tena siku ile.

Mwanabaraka aliendelea kuja. Wenzake kiwandani walimwona anakonda, wakamsihi apumzike, akawajibu kwamba bakteria hawapumziki. Mvua ilipokata barabara alishuka kwenye basi, akavua viatu, akatembea kwenye matope na kopo kichwani. Ndugu wa wagonjwa wengine walianza kumwonyesha kwa watoto wao: tazameni mapenzi ya mama.

Ngozi mpya ikaanza kujitokeza, ya waridi, kuanzia pembezoni. Ashrafu akainuka, akaketi. Asubuhi moja akafumbua mdomo.

"Mama," alisema. "Mama, Mungu akulipe."

Shamsia akafuta machozi kwa kiganja. Mwanabaraka hakusogea kitandani. Alimsubiri daktari amalize kupima, akamuuliza kama mgonjwa anaweza kusimama na kujibu maswali bila kudhurika.

"Anaweza," daktari alisema. "Umempa maisha, mama."

Alishukuru, akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameongozana na askari wawili, mmoja ameshika pingu.

Kwa mara ya kwanza akamtazama Ashrafu usoni.

"Umepona, mkwe wangu," alisema. "Sasa kamweleze hakimu kwa nini ulimfungia mwanangu Adila mlango kwa nje kabla ya kumwaga petroli."