Ubeti wa Ghorofa ya Tisa

Nyumba za mji ule zilikuwa na masikio. Mfanyakazi wa ndani akilalamika hata neno moja, ukuta humfikishia bosi, na mlango haumfungukii tena kutoka nje. Nyimbo tu ndizo ukuta haukuzijali.

Basi kila asubuhi, wakianika nguo roshanini, kina dada waliotoka kwao kuja kutumika huko waliimba. Mbodze wa Kaloleni, ghorofa ya kumi, ndiye aliyeanzisha. Kila ghorofa ilikuwa na zamu yake ya kuitikia, na iliyonyamaza hairukwi. Huitwa mpaka mwenyewe ajibu.

Ghorofa ya tisa, kwa Sikitu, ilikuwa kimya siku ya tatu sasa.

"Wa tisa ee, umelala?" Mbodze aliita. Akaita tena, jengo zima likamuunga mkono, sufuria zikagongwa, majirani wakatoka kutazama. Mwishowe bosi wa Sikitu, aibu imemjaa, akamfungulia mlango wa roshani kwa mkono wake.

"Sijalala, dada zangu, nipo!" Sikitu akaitikia, akitoka nje juani, sauti imemkauka. Hapo vigelegele vikapanda hadi paani! Mbodze akacheza na shuka bichi mpaka likamlowesha.

Kisha Mbodze aliingia jikoni kwake akicheka, akajiimbia chini chini: "Wa kumi ee, umelala?"

"Sijalala, dada zangu, nipo," ukuta ukaitikia kabla yake, kwa sauti ya Mbodze mwenyewe. Sasa hata akifungiwa, jengo lingesikia amejibu.