Adhabu ya Chini ya Dirisha

"Toka inje! Hata sindano haujue kushika!"

Kila asubuhi mwaka ule wa 1953, katekisimu ikiisha tu, mwalimu Faustin alimfukuza Adelaïde kwa maneno hayo hayo. Mtoto ambaye baadaye angeitwa daktari wa mimea alikuwa na miaka kumi na mmoja. Katika misheni ile ya vilima vya Masisi, wasichana walikwenda kushona kwa masista. Hesabu ilikuwa ya wavulana, kwa amri ya Padri. Adelaïde peke yake, eti hafai hata kushona, aliketishwa nje kwa adhabu, chini ya dirisha la darasa, na kikapu cha maharagwe: achambue yaliyotobolewa na wadudu, ahesabu kila rangi, alete jibu. Akikosea, arudie.

Padri alimsifu Faustin kanisani kwa ukali wake.

Emérita, mama wa mtoto, hakuwa na sifa za kutoa. Mwalimu gani huyu! Kaptura imenyooka kwa pasi, kichwani hamna kitu. Alipowafundisha wavulana kugawanya, kelele zake zilivuka bonde mpaka shambani kwake, utadhani wote ni viziwi. Debe tupu haliachi kuvuma. Emérita hakuwahi kushika kalamu, na alimwomba Mungu kitu kimoja tu: binti yake aishike. Punguani huyu akampa maharagwe, kana kwamba nyumbani hayapo!

Na mtoto alikuwa anaharibika. Sasa alihesabu hata ya kupika.

"Mama, maharagi nyeusi wadudu habaipendake. Kwa mia, banatoboa ine tu. Ya madoadoa, makumi tatu."

"Nyamaza, upike!" Emérita alifoka, machozi yakimlenga.

Ijumaa alitupa jembe, akapanda hadi misheni. Leo mpuuzi yule angefukuzwa yeye.

"Padri, kuya uone mwalimu yako! Anatesa mutoto yangu na azabu!"

Padri aliingia kuchukua kofia. Emérita hakumngoja. Alizunguka nyuma ya darasa, ngumi amezikunja, akasimama ghafla.

Ubao ulikuwa umegeuzwa kuelekea dirishani. Wavulana walipinda shingo kuusoma. Nje, kikapu kando, Adelaïde alikuwa anaandika vumbini kwa kijiti. Faustin alichungulia, akalitazama vumbi, kisha akamkaripia mvulana wa mbele, ambaye alikuwa bado hajaandika kitu.

"Saba, hapana sita! Futa!"

Adelaïde alifuta sita, akaandika saba.

Viatu vya Padri vilisikika kwenye changarawe. Emérita alirudi mbio, akamzuia njiani.

"Haya, Mama. Ile azabu, ni ya namna gani?"

Emérita alipiga goti.

"Iko kidogo, Padri. Ule mutoto iko kichwa nguvu sana. Mwalimu amuongezee mwaka ingine."