Jicho la Mlangoni

Siku hizi kila nyumba ina mpelelezi wake. Ni kidude kama jicho, kimebandikwa juu ya mlango, kimefunzwa mbinu za yule mpelelezi wa visa vya kale aliyejua mtu alikotoka kwa kutazama tope la viatu. Humsoma kila aingiaye na kutaja kinachokiona, na swali lolote likiulizwa ndani, sheria inakilazimu kulijibu.

Mwanakheri alikuwa ametoka kumwona Nunu, binti yao aliyefukuzwa na baba yake. Aliosha viatu kwa jirani ndipo akaingia.

“Natoka sokoni,” alimwambia mumewe, Shekue.

“Viatu vya mtu wa sokoni havimetameti hivyo,” kidude kikasema kwa upole. “Vimeoshwa.”

Shekue akainua macho.

“Kama vya bwana, adhuhuri,” kidude kikaongeza.

Mwanakheri akageuka. Kweli, viatu vya mumewe pale pembeni vilikuwa bado vimelowa.

Shekue akafungua kinywa amuulize mkewe, akatazama juu ya mlango, akakifumba.

“Tia chai, mama Nunu,” akasema.

Jina hilo alikuwa hajalitamka tangu amfukuze mtoto. Wakanywa kimya, kila mmoja akilichunga swali lake lisimponyoke.